Mkono Uliobaki Hewani

Wiki iliyopita mlinzi wa geti la ofisini kwetu alipigwa kofi. Kosa lake ni kumwomba mwenye gari afungue buti, kama anavyotuomba sote. "Unanijua mimi ni nani?" Kisha kofi. Mkono wa mlinzi ulishuka hadi kwenye kirungu kiunoni, ukakishika, ukatulia hapo. Halafu ukakiachia, ukaenda kuokota kofia. Jioni barua ya onyo ilimfikia yeye: amemchelewesha mgeni.

Kujizuia ni nini, kamusi zinajua. Na anayesema kuvumilia kofi kunamzoesha mpigaji, ana hoja. Aliyenikera ni mwenzetu mmoja kantini, aliyesema huku akimenya chungwa: "Ule si utulivu, ni njaa. Ana watoto, angefanyaje?" Wote wakaitikia.

Haya, aliogopa kufukuzwa. Kwani anayejizuia kwa kuhofia jela, au Mungu, au aibu ya wakwe, si tunamwita mstaarabu? Iweje hofu ya kukosa unga peke yake ndiyo ifute sifa? Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamruhusu mtu kujikinga kwa nguvu za kadiri. Mlinzi alikuwa na kirungu. Yule bwana alikuwa na kitambi na funguo za gari. Pale getini mwenye uwezo wa kuvunja taya alikuwa mmoja, na ndiye tunayesema hakuwa na la kufanya. Angepiga, kantini ileile ingesema walinzi wa siku hizi hawana mafunzo.

Seneca, katika kitabu chake kuhusu hasira, anasimulia jinsi Plato alivyomkasirikia mtumwa wake, akamwamuru avue nguo achapwe, akainua mkono, akajigundua, akauacha hewani. Rafiki akamkuta hivyo. Plato akamwambia anamwadhibu mtu mwenye hasira. Naipenda hadithi hii tangu chuoni. Nimewahi hata kujaribu mbele ya kioo: mkono huchoka upesi. Karibu miaka elfu mbili tunausifu mkono ule. Yule aliyesimama mabega wazi akingoja, utulivu wake nani aliuandika?

Ila nikimsifu mlinzi, anayefaidi sifa zangu ni mwenye gari. Hapo nami nakwama.

Leo asubuhi nilifungua buti kabla mlinzi hajaniomba. Akachungulia, akalifunga taratibu. Bahasha ya barua ilikuwa bado mfukoni mwa shati lake, imekunjwa mara mbili. "Pita, mzee," akasema.