Dhiki ya Hiari

Wahenga wetu wamesema kwamba msiba wa kujitakia hauna kilio, na aghalabu tunaitamka methali hii tukimkemea mtu aliyejiponza kwa ukaidi wake. Nataka kuigeuza niulize swali jengine: ikiwa dhiki ya kujitakia haina kilio, je, ina sifa? Mtu anayejitia kwa mikono yake katika tabu ambayo angeweza kuiepuka, kisha akatoka salama, anastahiki kusifiwa kwa tabu hiyo? Na tabu hiyo imemfunza nini?

Swali limezuka kutokana na ada iliyoenea Ulaya na Marekani katika miaka hii, nayo ni kujitumbukiza katika pipa la maji ya barafu kwa dakika mbili tatu, wengine kila asubuhi. Wanamichezo walianza zamani kwa ajili ya kutuliza misuli. Baadaye alitokea Mholanzi, Wim Hof, akayafanya maji baridi kuwa mafunzo ya pumzi na moyo, na wafuasi wake wakatapakaa dunia nzima. Leo yapo mapipa yenye mashine ya kupozea yanayouzwa kwa maelfu ya dola. Lakini wapo pia watu wa kipato cha kawaida wanaotaka kujigandishia barafu nyumbani kwa gharama ndogo, na hao ndio ninaotaka kuwazungumzia, kwani katika kazi yao kuna jambo ambalo mwenye mashine hanalo.

Kazi yenyewe ni ya subira. Mtu huyajaza maji jioni katika madumu na mabeseni, bila ya kuyafikisha ukingoni, kwa sababu maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na chombo kilichojaa pomoni hupasuka. Huchagua vyombo vikubwa, maana pande kubwa la barafu huyeyuka polepole kuliko vipande vidogo vya uzito ule ule, kwa kuwa sehemu yake inayoguswa na joto ni ndogo. Wengine hugandisha maji ndani ya chupa zilizofungwa, wakazitia pipani hivyo hivyo, kisha wakazirudisha katika friza. Ubaridi hupita polepole zaidi, lakini maji hayapotei na chupa zile zile hutumika muda mrefu. Pipa hufunikwa na kuviringishwa blanketi kuukuu. Siku moja ya kugandisha haitoshi; wengine hukusanya barafu siku mbili au tatu kwa ajili ya kuoga mara moja.

Na tupige hesabu, kwani maadili bila ya hesabu huwa hotuba. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya joto ambalo lingetosha kuipandisha kilo moja ya maji kutoka sifuri hadi nyuzi 80. Hiyo ndiyo nguvu ya barafu. Pipa la lita 200 lenye maji ya bomba ya nyuzi 15, kama ya nchi za baridi, linahitaji barafu kilo 10 hivi kushuka hadi nyuzi 10. Maji ya huku kwetu, yenye nyuzi 28, yanahitaji karibu kilo 40, na umeme wa kuzigandisha katika friza la nyumbani ni kama uniti nne hadi sita. Yote hayo kwa dakika tatu.

Msomaji anaweza kucheka, na mimi simzuii. Lakini nikitazama vyema naona kwamba siku tatu za kujaza, kufunika na kungoja zina adabu ndani yake, pengine kuliko dakika tatu za kutetemeka. Mtu anayeigharimia dhiki yake kwa kazi ya mikono anajua uzito wake kwa kilo. Aliyeinunua kwa kubonyeza kitufe hajui.

Hoja hii si ngeni. Seneca, mwanafalsafa wa Roma aliyekufa mwaka 65, alikuwa muogaji mashuhuri wa maji baridi. Katika barua zake anasimulia kwamba ujanani alikuwa akiukaribisha mwaka mpya kwa kujirusha katika maji ya mfereji wa Virgo, katikati ya majira ya baridi. Mtu huyo huyo, katika kitabu chake juu ya maumbile, aliwashutumu vikali matajiri wa Roma waliohifadhi theluji na barafu ili wapoze vinywaji vyao. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba hata maji, ambayo maumbile yameyatoa bure, yametiwa bei, na bei yenyewe inapanda na kushuka. Sijui angesema nini angeliona pipa la maelfu ya dola, ambamo mambo mawili aliyoyatenga yamekutana: ubaridi wa kujinidhamisha na barafu ya anasa.

Naye alikuwa tajiri mkubwa, jambo ambalo wapinzani wake hawakuacha kulikumbusha. Labda ndiyo maana aliligusa swali letu kwa uaminifu usio wa kawaida. Katika barua ya kumi na nane anamshauri rafiki yake ajitengee siku chache za kula chakula duni na kuvaa nguo za kukwaruza, ajionee kama hali anayoiogopa inaogopesha kweli. Kisha anamtahadharisha asidhani kwamba anatenda jambo kubwa: maelfu ya watumwa na maelfu ya maskini wanafanya hayo hayo kila siku. La kujisifia ni moja tu, kwamba yeye hakulazimishwa.

Hapo ndipo penye kiini. Kutolazimishwa ndiko kunakoipa dhiki ya hiari thamani yake, na ndiko kunakoiwekea mpaka. Anayeshuka pipani anajifunza kuutawala mwili unaopiga kelele utoke. Hilo ni funzo la kweli, nami silidharau. Lakini hajifunzi hata chembe ya ile hali ya kutokuwa na pa kutokea, kwa sababu mlango wake umo mkononi mwake na saa iko ukutani. Methali ya kwetu husema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ila huyu anaweza kuyavulia nguo, akayaonja kwa kidole cha mguu, akarudi zake kitandani, na hapana atakayemdai kitu.

Mila yetu ya Kiislamu nayo imelipima jambo hili kwa mizani yake. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Mtume (S.A.W.) alimwona mtu amesimama juani. Akaambiwa kuwa ni Abu Israil, ameweka nadhiri ya kusimama asikae, asiingie kivulini, asiseme na mtu, na afunge. Mtume akaamuru aseme, akae kivulini, na aikamilishe saumu yake. Tabu tatu zikaondolewa na moja ikabakishwa, na iliyobakishwa ni ile yenye maana nje ya tabu yenyewe. Kutokana na mafunzo ya namna hii, Imamu al-Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 1388, alieleza kwamba mja hapaswi kuikusudia mashaka kwa ajili ya mashaka. Ujira hukua pale tabu inapokuwa haitengani na jambo jema linalotendwa. Anayetawadha kwa maji baridi alfajiri kwa kuwa hana mengine anasifiwa. Anayeyaacha maji ya vuguvugu makusudi ili ateseke hakuongeza kitu.

Sisi watu wa visiwani tuna uhusiano wa ajabu na barafu. Neno lenyewe linatokana na barf la Kiajemi, ambalo limo pia katika Kihindi, na theluji ni thalj ya Kiarabu. Yote mawili yametoka ng'ambo ya bahari, huku mbingu yetu haijapata kutudondoshea hata punje. Katika dua ya kufungulia sala, wengi wetu huomba tuoshwe makosa yetu kwa maji, theluji na mvua ya mawe, na tumekuwa tukiomba hivyo vizazi na vizazi bila ya kukijua kimojawapo kwa ngozi. Huko Uajemi kwenyewe, penye jangwa, watu walijenga majumba ya kuba yaitwayo yakhchal: usiku wa baridi maji ya kina kifupi hugandishwa kwa kulitoa joto lake kuelekea mbingu kavu, na barafu huhifadhiwa shimoni hadi kiangazi, bila ya mashine wala uniti moja. Unyevu wa hewa yetu hauruhusu hila hiyo. Wazee wetu walikuwa na gudulia, ambalo hupoza maji kwa jasho lake, na hilo lilitosha.

Barafu ya nyumbani, kwa maana yake ya kwetu, ni ile ya mama mwenye friza moja anayegandisha maji ya ukwaju na ya ubuyu awauzie watoto, na Ramadhani akauza mapande kwa wanaotaka kufuturu kwa maji ya baridi. Ni ile ya mchuuzi wa samaki pia. Kanuni wanayofundishwa wavuvi wa nchi za joto ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Basi zile kilo 40 za pipa moja zingehifadhi kilo 40 za changu na jodari. Unguja inapata umeme wake kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na tunakumbuka waya ulipotunyima: takriban mwezi mzima mwaka 2008, kisha kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Katika miezi ile hapana aliyehitaji kuelezwa thamani ya barafu.

Sisemi kwamba mtu wa Minnesota anayejaza madumu yake amempokonya mchuuzi wa Malindi. Barafu yake haikupita hapa, na wakati wa baridi angeweza kuiokota uani. Hapana dhuluma katika pipa lake. Lau angelijaza pipa hilo kisiwani, kwa umeme huu huu wa chini ya bahari, hesabu ingekuwa nyengine na ningemtaka aitoe. Kosa ninaloliona liko katika maneno yanayofuatia kuoga: kwamba starehe imewalegeza watu, kwamba dhiki ni dawa, kwamba aliyevumilia barafu ameyajua maisha. Tangu mwaka 1989, kilimo cha mwani kilipoanza kibiashara Unguja, wanawake wa Paje na Jambiani wamekuwa wakisimama majini saa nyingi kila bamvua, migongo imeinama, chumvi ikiwatafuna miguu. Maji yao si ya barafu, lakini hayana saa ukutani. Hapana aliyewaambia kwamba wanajitibu.

Wataalamu nao wametupa kitu cha kutafakari. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Uholanzi lililohusisha watu zaidi ya 3,000. Baadhi yao walitakiwa kumalizia kuoga kwa maji baridi, sekunde 30, 60 au 90, kwa muda wa siku 30. Waliooga hivyo walikosa kazi kwa ugonjwa pungufu kwa asilimia 29 kuliko wenzao. Lakini siku walizojihisi wagonjwa hazikupungua. Waliugua vile vile, ila walikwenda kazini. Mtu anaweza kuliita hilo ushujaa, na mwajiri bila shaka ataliita hivyo. Mimi naona limetuonesha kwa uwazi adimu kile ambacho maji baridi hukigusa: hayakuiondoa dhiki, yalibadilisha namna ya kuibeba. Na mtu ana haki ya kujifunza kubeba, ilimradi asimsomee mwenzake aliyebebeshwa. Atahadhari tu, kwani maji ya barafu humkata mtu pumzi ghafla, na moyo dhaifu haujui falsafa.

Seneca mwenyewe hakufa na maji ya Virgo. Katika barua ile ile anayoisimulia michupo yake ya ujanani, anaeleza, kwa mzaha wa mtu asiyeona haya kuzeeka, kwamba kwanza alihamia mto Tiber, na mwishowe akatosheka na beseni lake la nyumbani, ambalo maji yake hayapashwi na kitu isipokuwa jua. Beseni la namna hiyo linafahamika hapa kwetu. Msimu wa kusi, huwekwa uani tangu asubuhi, na alasiri huogeshewa watoto.