Nani Aliyefika?

Kambi ambako wapandaji wa Everest huanzia safari yao, upande wa Nepal, iko mita 5,364 juu ya usawa wa bahari. Anayeikusudia hupanda ndege ndogo hadi Lukla, kisha hutembea kwa miguu zaidi ya wiki moja, akipitia Namche Bazaar, Tengboche na Gorak Shep, hata afike mahali ambapo kila pumzi humpa takriban nusu ya oksijeni aipatayo mtu wa pwani. Hapo hukuta mawe, barafu na, katika msimu wake, mahema ya watu wanaojiandaa kwenda juu zaidi. Kilele chenyewe hakionekani kutoka kambini.

Jambo hili la mwisho lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Wengi wa wasafiri hawa huishia hapo, miguuni pa mlima. Ukiwauliza walichokifuata, watakwambia ni mwendo wenyewe: baridi, kuhema, kichwa kuuma, na kujua kwamba hawakurudi nyuma. Thamani yote, basi, imewekwa katika taabu iliyochaguliwa kwa hiari. Sina ugomvi na hilo. Binadamu amezijaribu nafsi zake kwa njia mbaya zaidi. Lakini sehemu nzito ya taabu hiyo iko mgongoni mwa mtu mwingine.

Mpagazi wa Nepal hubeba kwa kapu la mianzi liitwalo doko, lenye ukanda unaopita juu ya utosi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulipima mizigo ya wapagazi waliopeleka bidhaa Namche, ukakuta kwamba wanaume walibeba, kwa wastani, asilimia 93 ya uzito wa miili yao. Begi la mgeni ni jepesi kuliko hivyo, ingawa mara nyingi mpagazi mmoja hubeba ya wageni wawili. Wageni huwaita wote “Sherpa”, kana kwamba hilo ni jina la kazi. Ni jina la kabila, na wapagazi wengi wa njia ile ni Warai, Watamang na wengineo kutoka mabonde ya chini, ambao hawakurithi ustahimilivu wa Washerpa. Maradhi ya mwinuko huwapata kama yanavyompata mgeni.

Jibu la haraka ni kwamba mpagazi alikubali, na akalipwa. Ni kweli. Tena anayekataa kumwajiri ili abaki na dhamiri safi humnyima ujira anaouhitaji, na dhamiri hiyo haimlishi mtu. Ila ujira hununua kazi. Swali langu ni iwapo hununua pia sifa ya kazi. Anayenunua mahindi sokoni hasemi amelima.

Msomaji wa Kiswahili analijua swali hili tangu zamani. Burton na Speke walifika Ziwa Tanganyika mwaka 1858, na masimulizi mengi ya safari ile yakawataja wao wawili kana kwamba Sidi Mubarak Bombay na wapagazi walikuwa sehemu ya mizigo. Bombay, tuseme haki, baadaye alipewa nishani ya fedha na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London. Wapagazi wengi wa misafara ile hata majina yao hatunayo.

Lugha yetu inatubana hapa, na inatubana vizuri: anayesimulia safari yake hana budi kuchagua kati ya *ni-* na *tu-*. “Nilifika” humfuta mpagazi. “Tulifika” ina ukweli zaidi, lakini nayo ni rahisi mno kuitamka, kwani huweza kuficha nani alilala kitandani na nani sakafuni. Kipimo chake huja pale mtu anapougua. Mgeni akizidiwa Lobuche, kwenye mita 4,940, helikopta huitwa na bima hulipa. Imewahi kutokea mpagazi mgonjwa akalipwa siku zake na kuambiwa ateremke peke yake, mzigo wake ukagawiwa wenzake ili ratiba isivunjike.

Miongoni mwetu tulio ughaibuni wamo wanaokwenda huko kila mwaka, wengine kwa nia njema ya kuchangisha fedha za hisani. Kabla ya kulipa malipo ya awali, kuna swali moja la kumwuliza mwenye kuandaa safari, na jibu lake lidaiwe kwa maandishi: mpagazi akiugua Lobuche, ni nani atakayeteremka naye?