Nani Amemfunga Ulimi?

Kila mwaka, ufikapo mwezi wa Januari, maelfu ya watoto wa Tanzania huingia kidato cha kwanza. Katika shule nyingi za msingi za serikali walisoma hesabu na sayansi kwa Kiswahili, wakauliza na kujibu bila hofu. Sasa karibu masomo yote, isipokuwa Kiswahili chenyewe na machache mengine, yafundishwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa wa kwanza kunyosha mkono hukaa kimya. Si kwamba akili zake zimepungua wakati wa likizo. Anaogopa kuchekwa.

Wazazi waulizana kama ni vema kumpa kijana wa namna hiyo simu ajifunzie lugha. Swali ni la haki, nasi hatuoni sababu ya kulijibu kwa hasira, kama wafanyavyo wale ambao wakisikia neno simu huona upotovu tu. Luis von Ahn, mzaliwa wa Guatemala, pamoja na mwenzake Severin Hacker, walianzisha programu iitwayo Duolingo, ikafunguliwa kwa watu wote mwaka 2012. Yeye mwenyewe ameeleza jinsi alivyoona nchini kwake kwamba Kiingereza huongeza kipato cha mtu, lakini masomo yake huwashinda maskini kwa gharama. Ndiyo maana alitaka yapatikane bila ada. Mwanafunzi husikia sentensi, huirudia mbele ya simu, akikosea huambiwa, naye aweza kuirudia hata mara ishirini. Mashine haichoki, haikunji uso, wala haitakwenda kusimulia shuleni kesho.

Wako wasemao kwamba huo si ujasiri bali ni kujificha, kwani jasiri ni yule asimamaye mbele za watu. Neno hili lina kweli ndani yake, lakini si kweli yote. Mpiga ngoma hajifunzi siku ya arusi. Anayejifunza baiskeli hutafuta uwanja usio na watu, na hakuna amwitaye mwoga. Kijana arekodiye sauti yake kwenye WhatsApp, akaisikiliza, akaifuta na kurekodi upya kabla ya kumpelekea rafiki, anafanya kazi hiyo hiyo.

Hata hivyo twauliza: ilikuwaje mtoto akalazimika kutafuta uwanja usio na watu ndani ya darasa lake mwenyewe? Mwaka 1986 Elaine Horwitz na wenzake wawili wa Chuo Kikuu cha Texas walitoa maswali 33 ya kupimia hofu ya wanafunzi wa lugha ya kigeni. Walitaja kuogopa kuzungumza na watu, kuogopa mtihani, na kuogopa kuhukumiwa vibaya na wengine. Tazameni jinsi hofu hizo zisivyotoka katika sarufi. Hutoka kwa wasikilizaji, na wasikilizaji ni sisi.

Mgeni wa Ulaya akija akasema, «Mimi nataka kwenda soko», twampigia makofi na kumwambia kwamba anajua Kiswahili sana. Mtoto wetu akikosea kitenzi kimoja cha Kiingereza, darasa zima huangua kicheko, na wakati mwingine mwalimu pia. Mizani hizi mbili tumezipata wapi? (Nao wachekaji, ukiwaomba waseme sentensi tatu mfululizo, wengi watautafuta mlango.) Kicheko hicho kina babu yake. Mwaka huo huo wa 1986 Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika jinsi, katika Kenya ya utoto wake, mwanafunzi aliyenaswa akisema Kikuyu karibu na shule alivyochapwa fimbo au kuvikwa shingoni bamba lenye maneno ya kumwita mjinga au punda. Bamba limeondoka katika shule nyingi, lakini imani iliyolitundika ingali nasi, kwamba kujua Kiingereza ndiko kuwa na akili.

Basi tusilihesabu kosa hili kuwa utani wa watoto. Amchekaye mwanafunzi amemnyang'anya kitu. Swali alilotaka kuuliza juu ya mzunguko wa damu hataliuliza leo, wala kesho, na mtihani utakapomwuliza yeye atakosa jibu. Huo ni wizi, ingawa hakuna hakimu atakayeusikiliza. Simu yaweza kumpa mwanafunzi mahali pa kujizoeza; haiwezi kumrudishia alichoibiwa na wenzake.

Tena ina mipaka mingine. Huhesabu siku ulizosoma mfululizo na kukupongeza, na mtu aweza kupongezwa siku mia naye asiweze kumwelekeza mgeni njia ya kwenda stendi. Mazungumzo na akili mnemba yana faida zaidi, lakini nayo hupenda mno kusifu. Kwa hiyo mazoezi ya faragha yapewe muda wake, kisha yatoke nje, na pa kutokea kwanza ni nyumbani.

Nusu saa ya jioni yatosha, simu ikiwa mezani wala si chini ya blanketi. Baba aliyeishia darasa la saba asione haya kumwomba binti yake amfundishe maneno matano. Binti asome kwa sauti, wadogo zake wasikilize, na atakayecheka apewe zamu ya kusoma sentensi inayofuata.