Ajuaye Bei na Asiyeijua

Leo tunalo suala moja la biashara, na biashara ni mizani ambayo dini ya mtu hupimwa kwayo kila siku. Suala ni hili: anayeuza kitu hajui thamani yake, na anayenunua anaijua. Je, anayejua analazimika kusema? Au yafaa anyamaze, alipe kidogo, kisha aende zake akishukuru bahati?

Mfano wetu tutautoa mbali, Uingereza, katika jambo ambalo huenda likakuchekesha: watu wazima wenye kununua, kuuza na kuonyesha magari ya moshi ya mfano, madogo kama vitu vya kuchezea. Usiharakishe kucheka, kwani jambo hili lina historia yake, lina soko lake, na lina mitihani yake.

Kiwanda cha Märklin cha Ujerumani, kilichoanzishwa mwaka 1859, kilionyesha katika maonyesho ya biashara ya Leipzig mwaka 1891 treni ndogo pamoja na reli zake za kuunganishwa, ambazo mnunuzi aliweza kuziongeza kidogo kidogo. Uingereza nako, Frank Hornby wa mji wa Liverpool alianza kuuza treni zake za kutiwa ufunguo mwaka 1920, na mwaka 1938 kampuni yake ikatoa nyingine ndogo zaidi zilizoitwa Hornby Dublo. Watoto waliopewa treni hizo wakakua, na wengi hawakuziacha. Utamkuta mzee aliyestaafu kazi amejenga darini kwake stesheni nzima, na milima, na madaraja, na maduka, vyote vimepunguzwa mara 76 kuliko ukubwa wa kweli. Wana vilabu vyao. Cha London ni cha tangu mwaka 1910. Mwishoni mwa juma hukodi ukumbi wa skuli, wakapanga reli zao watu waje kutazama kwa kiingilio, na kandoni huwekwa meza za wenye kuuza na kununua.

Je, mchezo huu unafaa? Hapa hatutakaa sana. Imepokewa kwamba Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere, miongoni mwao farasi mwenye mbawa, na Mtume (s.a.w.) aliwaona, akacheka, wala hakumkataza. Kuburudisha moyo kwa kazi ya mikono si dhambi, maadamu sala haikupitwa na wakati wake, watu wa nyumbani hawakupunguziwa haki yao, na mali haikutumiwa kwa israfu wala kwa kujifakharisha. Anayevuka mipaka hiyo amekosea, hata kama mchezo wake ni bao au mpira. Mtihani mkubwa hauko katika kucheza, uko pale mezani panapouzwa.

Kwanza, tumtazame muuzaji. Katika soko hili, treni iliyobaki na rangi yake ya kiwandani na boksi lake la asili hupata bei kubwa kuliko iliyopakwa rangi upya. Hapo ndipo hila huingia: rangi mpya ikasemwa kuwa ya zamani, na boksi la kuigizwa likapitishwa kuwa la asili. Iko na aibu nyingine iliyojificha zaidi. Baadhi ya treni za kabla ya vita vya mwaka 1939 ziliundwa kwa madini ya zinki yaliyoingiwa na uchafu wa risasi. Madini hayo, miaka ikipita, hufura, hupasuka, na mwisho humong'onyoka, wala hayana dawa. Mwenye kujua huziona nyufa nyembamba kama unywele. Asiyejua huona kitu kizuri cha kale. Muuzaji aliyeziona nyufa hizo akanyamaza, hukumu yake tunaijua. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye lundo la chakula, akatia mkono ndani, vidole vikatoka na maji. Mwenye mali akajitetea kuwa limenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile sehemu iliyorowa juu, watu wakaiona, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi hayumo katika wafuasi wake.

Pili, tumtazame mwenye mali mwenyewe. Kuna mzaha wa siku nyingi baina ya watu hawa: mmoja husema kwamba yeye hofu yake si mauti, bali ni kuwa akishakufa, mkewe atauza treni zake kwa bei ile aliyomwambia kuwa alizinunulia. Watu hucheka, na chini ya kicheko hicho pana mambo mawili mazito. Mume amemficha mkewe kiasi cha fedha alizotumia. Na kwa kumficha, amemwachia mali asiyoijua. Uwongo wa leo unakuwa khasara ya warithi kesho. Dini yetu imetuamrisha tuandike madeni yetu, na Mtume (s.a.w.) amehimiza kwamba mwenye kitu cha kuusia asilale masiku mawili ila wasia wake uwe umeandikwa. Kipande cha karatasi chenye orodha ya vitu na bei zake ni sadaka kwa mjane.

Tatu, na hapa ndipo penye suala letu, ni mnunuzi. Mzee amefariki. Mjane wake anapanda darini, anakuta mabehewa na injini ndani ya maboksi hamsini. Anakuja mtu aliyezoea soko, anatazama, na moyo unamdunda kwa kuwa ameona injini moja ambayo peke yake yashinda thamani ya vyote vilivyobaki. Mama yule anamuuliza: "Wewe waona vina thamani gani?" Naye anajibu kwa sauti ya huruma: "Vichezeo tu hivi, mama. Nitakupa pauni 100 nikuondolee uzito." Je, huyu amenunua, au ameiba?

Utasema: elimu yake ya bei ameipata kwa taabu ya miaka mingi, kwa nini asifaidike nayo? Na kweli, mfanyabiashara ana haki ya faida. Hulipia usafiri, hulipia meza ya maonyesho, hukaa na kitu miezi mingi kabla hakijanunuliwa. Tena wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafi wamesema kwamba kupunjwa bei peke yake, bila ya hadaa, hakumpi mtu haki ya kuvunja mauzo. Lakini tazama vizuri yaliyotokea pale darini. Mama ameuliza, na mwenye kuombwa shauri amewekewa amana. Tangu aulizwe, mtu yule si mnunuzi tu, ni mshauri. Na alipovitukuza vitu hivyo moyoni na kuvidunisha kwa ulimi, alifanya khiyana na hadaa pamoja.

Na hata kama asingeulizwa, sharia imetupa mwanga. Mtume (s.a.w.) alikataza watu wasitoke nje ya mji kuulaki msafara wa bidhaa, wakanunua kabla wenyewe hawajafika sokoni na kujua bei; na akamwekea mwenye bidhaa khiyari akishafika sokoni. Sababu yake ni nini, ila kumhifadhi asiyejua na yule anayemvizia njiani? Mjane aliyekaa darini na maboksi yake ni msafara ambao haujafika sokoni. Na anayewahi kubisha hodi kwake kabla ya wengine, kwa kuwa amesikia khabari ya msiba, ndiye yule aliyetoka nje ya mji. Wala usiseme kuwa mama huyo si Muislamu. Uadilifu tumeamrishwa kwa watu wote, hata kwa wale tunaochukiana nao.

Basi mnunuzi afanye nini? Aseme kweli. "Mama, injini hii sokoni yaweza kufika pauni 1,000. Mimi nitakupa 600, kwa kuwa nitabeba gharama na kungoja. Ukipenda, uliza na mwingine." Maneno hayo hayamnyimi faida yake, yanamnyima dhulma tu. Na wako huko wana vilabu wanaojitolea kumsaidia mjane wa mwenzao kuuza vitu vya marehemu kwa bei ya haki, bila ya wao kuchukua kitu. Wema huo tuukiri, ukitoka kwa yeyote.

Sasa tazama kwako, ndugu msomaji. Huna treni za mfano darini. Lakini huenda una kasha la misumari ya shaba, au kiti cha enzi cha babu, au mlango wa kuchonga. Vitu hivi vimetoka majumbani Lamu, Mombasa na Unguja kwa bei ya samani mbovu, vikaonekana tena madukani kwa bei isiyosemeka. Mara ngapi mnunuzi amebisha hodi na kizuka yungali edani? Na mali ile si ya mjane peke yake, ni mirathi, na ndani yake mna fungu la mayatima. Mwenye kuichukua kwa hila ajue ni mali ya nani anayoila, na Qur'ani imesema nini juu ya kuila.

Kwa hivyo andika ulicho nacho, waambie wanao thamani yake, wala usiuze kitu katika siku za msiba kabla hujauliza watu wawili.

Na wewe uliye mnunuzi, mkumbuke Sahaba Jarir bin Abdillah (r.a.), aliyempa Mtume ahadi ya kumtakia kheri kila Muislamu. Imepokewa kwamba mtumishi wake alimnunulia farasi kwa dirhamu 300. Jarir alipomwona farasi, alimwendea mwenyewe na kumwambia kuwa farasi wake ana thamani zaidi ya hiyo, akawa anampandishia bei mpaka ikafika 800. Hakuna aliyemshurutisha, wala kadhi asingemdai. Alilipa kwa sababu alijua.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yetu iwe hoja yetu, isiwe hoja juu yetu. Wabillahi tawfiq.