Riba Katika Simu: Nasaha kwa Wazazi na Vijana

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu wa Mvita, Malindi, Lamu na miji yote ya pwani, jambo tunalotaka kulieleza katika waraka huu lawahusu vijana wetu waliotoka kwenu wakaja Nairobi kutafuta riziki, nao ni wengi huku Kawangware na Kibera. Lakini mwisho wake lawahusu nyinyi mlio majumbani, na pengine lawahusu zaidi kuliko hao vijana wenyewe. Kwa hivyo twawaomba msilisome kama habari za mji wa mbali.

Kawangware ni mtaa ulio magharibi ya Nairobi, umepakana na Lavington, mtaa wa matajiri. Kila asubuhi watu hutoka katika vyumba vya mabati wakaenda kwa miguu kufua, kupika, kujenga na kutengeneza mabomba katika nyumba za wenzao walionacho. Zamani mtu wa kibarua alisimama njiani kungoja kuitwa. Leo haitwi kwa sauti, huitwa kwa simu. Fundi apigiwa simu, mwenye bodaboda apigiwa simu, mwanamke auzaye mboga alipwa kwa simu, na mwenye nyumba ataka kodi yake kwa simu. Simu imekuwa ndiyo jembe la mtu wa mjini, na asiye nayo ni kama mkulima asiye na jembe.

Hatusemi kwamba chombo hiki ni haramu. La, hasha! Wako wenye kuharimisha kila kipya, na hao tumekwisha kuwajibu mara nyingi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mungu amrehemu, alipotoa karatasi yake ya Sahifa Mombasa mwaka 1930, na baadaye Al-Islah mwaka 1932, hakuikataa kazi ya uchapishaji kwa kuwa mitambo yake ilibuniwa na wasio wa dini yetu. Aliitumia kuwaamsha watu. Kisu ni kisu; hukata nyama ya halali, na humuua mtu asiye na hatia. Anayeulizwa ni mwenye mkono.

Wala hatusemi kwamba kila malipo yanayotozwa katika simu ni haramu. Mwezi wa Machi mwaka 2007 ilipoanzishwa M-Pesa, kijana aliye Nairobi aliweza kumpelekea mamake pesa zikafika Lamu kabla ya adhana ya swala ifuatayo. Kabla ya hapo alimpa dereva wa basi bahasha, akaomba Mungu. Ada anayotozwa mwenye kupeleka pesa ni ujira wa kazi iliyofanywa, mithili ya nauli ya jahazi. Amelipa, mzigo umefika, basi. Hakuna aliyekopeshwa, na ada hiyo haizidi kwa kuwa mtu amechelewa.

Lakini nyuma ya neema hiyo umeingia mlango mwingine, na mlango huo ndio ulioturudisha kwenye kalamu. Mwezi wa Novemba mwaka 2012 ulianza mkopo wa M-Shwari ndani ya simu hiyo hiyo. Ulipoanza, mtu alikopa na kulipa katika siku 30, pamoja na ada ya 7.5 kwa kila 100. Mwezi wa Januari mwaka 2019 ikaja Fuliza. Mtu ambaye pesa zake hazitoshi hukamilishiwa malipo yake kwa mkopo, kwa ada ya kuanzia na ada nyingine ihesabiwayo kwa siku. Na kandokando ya hizo zikazuka programu nyingi za kukopesha, ambazo mtu huziingiza katika simu yake kwa kubonyeza kidole tu. Hakuna mdhamini wala shahidi, na hakuna mtu mzima wa kumwuliza: “Mwanangu, wazitakia nini?”

Sasa tufanye hesabu, kwani hesabu haina upendeleo. Mtu akikopa shilingi 1,000 kwa ada ya 7.5 kwa 100, atarudisha 1,075. Ataona ni kidogo, bei ya chakula cha mchana. Lakini asiyetosheka na mshahara mwezi huu mara nyingi hatosheki mwezi ujao, basi hulipa na kukopa tena siku ile ile. Akiendelea hivyo miezi 12, atakuwa amelipa ada ya shilingi 900 kwa ajili ya ile ile shilingi 1,000, nayo bado iko shingoni mwake. Aliyekopa ni maskini wa Kawangware, na aliyepokea 900 ni mwenye mali. Je, hii si ile ile iliyoharimishwa?

Watasema: “Hii si riba, ni ada.” Twajibu: jina halibadilishi kitu. Mvinyo ukitiwa ndani ya birika haugeuki chai. Kila mkopo wa pesa uliowekewa sharti la kurudishwa kwa ziada, ziada hiyo ni riba, iitwe ada, iitwe faida, iitwe shukrani. Mwenye kukopesha anaweza kutoza gharama ya kweli ya kazi yake, kama ya karatasi na mwandishi; lakini ada inayopanda kwa kadiri ya pesa na kwa kadiri ya siku si gharama ya karatasi.

Watasema: “Tumekubaliana kwa ridhaa.” Twajibu: ridhaa ya watu wawili haihalalishi alichoharimisha Mola wao. Mtume (S.A.W.), katika Hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Jabir, amewalaani anayekula riba, anayeitoa, anayeiandika na mashahidi wake wawili, akasema kuwa wote ni sawa. Tazameni, anayeitoa ametajwa pia, ijapokuwa yeye ndiye mwenye kuumia.

Watasema: “Ni dharura.” Twakubali kuwa dharura ina hukumu yake, na mwenye njaa ya kufisha huhalalikiwa na nyamafu kwa kadiri ya kuokoa roho. Lakini kitambaa cha sare ya harusi ni dharura gani?

Sasa tuje kwenye simu zenyewe zinazouzwa kwa malipo ya kila siku. Mwezi wa Julai mwaka 2020 Safaricom ilianza mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambao wakati huo mtu alitanguliza kiasi, kisha akalipa shilingi 20 kwa siku mpaka amalize. Na wako wauzaji wengine wenye mipango kama hiyo. Wengi wametuuliza hukumu yake. Jawabu ni kwamba hili si sawa na mkopo wa pesa. Hapa pana bidhaa, na bidhaa huuzwa. Baraza la Fikihi la Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1990 liliona kuwa yafaa bei ya malipo ya baadaye kuzidi bei ya taslimu, madamu wawili hao wamekata shauri juu ya bei moja inayojulikana kabla ya kuachana. Lakini baraza hilo hilo likakataza muuzaji kuongeza kitu juu ya deni kwa sababu ya kuchelewa. Basi kabla hujaichukua simu, uliza maswali mawili. La kwanza: bei yote kwa jumla ni ngapi? Usiridhike kuambiwa ya siku tu, kwani 20 kwa siku hudanganya jicho. La pili: nikichelewa, bei itazidi? Ikiwa itazidi, iache.

Na simu hizo, mtu asipolipa, hufungwa kutoka mbali, hata asiweze kuitumia. Je, yafaa? Twajua kuwa Mtume (S.A.W.) alinunua nafaka kwa Yahudi kwa kuahirisha malipo, akaweka rahani deraya yake ya chuma. Rahani basi ni haki ya mwenye kudai. Lakini twajua vile vile kuwa Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 280, ameamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka apate nafasi. Anayemfungia fundi simu amemnyang’anya jembe, kisha amwambia: “Lima, ulipe.” Muuzaji Mwislamu hatakiwi kufanya hivyo kwa mtu anayemjua kuwa amekwama.

Yuko kijana tumjuaye, mtoto wa pwani, fundi wa mabomba hapa Kawangware. Alichukua simu ya malipo ya kila siku, akawa anapata kazi Lavington, na mambo yake yalikuwa mazuri. Ilipokaribia Sikukuu, mamake akampigia: ndugu zake wataka nguo, na binamu yake aolewa, sare imekwisha kuchaguliwa. Kijana aliona haya kusema sina. Akakopa shilingi 5,000 katika programu moja, akazipeleka nyumbani, akaombewa dua. Mwezi ulipokwisha akakopa kwa wa pili ili amlipe wa kwanza, kisha kwa wa tatu ili amlipe wa pili. Pesa za malipo ya simu zikakosekana, na simu ikafungwa. Simu ilipofungwa, Lavington wakamwita fundi mwingine.

Halafu ikaja fedheha. Alipoingiza ile programu, iliomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo ndani ya simu, naye akabonyeza kukubali bila ya kufikiri. Basi kampuni ile ikawaandikia watu wake. Amu yake akaletewa ujumbe kuwa fulani ni mdaiwa asiyelipa. Imamu wa msikiti akaletewa. Baba wa binti aliyemposa akaletewa. Kijana akaacha kuja jamaa. Tulidhani amehama, kumbe alikuwa akiswali peke yake chumbani, mlango umefungwa, kwa haya. Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga sana kwa Mola wake na deni, alipoulizwa sababu, alieleza kuwa mtu akiingia katika deni husema akadanganya, huahidi akavunja. Na sisi twaongeza tuliyoyaona kwa macho yetu, kuwa deni humtoa mtu hata katika safu ya swala.

Yatupasa mjue kuwa serikali nayo imelikataza jambo hili. Sheria ya Kulinda Data ilipitishwa mwaka 2019. Mwezi wa Desemba mwaka 2021 sheria ya Benki Kuu ya Kenya ilirekebishwa ili wakopeshaji wa simu wawe chini ya leseni, na kanuni za mwaka 2022 zikawakataza kutumia vitisho na matusi, na kuwapigia au kuwaandikia watu walio katika simu ya mdaiwa ili kumfedhehi. Aliyefanyiwa hivyo ana mahali pa kushitaki. Lakini kabla ya serikali, Qur’ani katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 12, imekwisha kukataza kupeleleza na kusengenya. Na sisi wenyewe tuna lawama: majina ya watu yaliyo katika simu yako ni amana. Nani aliyekuruhusu kumpa mgeni namba ya amu yako kwa ajili ya shilingi 5,000?

Sasa twarejea kwenu, wazazi wetu. Msitudhanie kuwa twawafundisha adabu; twawakumbusha tu. Mama wa kijana yule hakuwa na habari. Aliomba kama aombavyo kila mama, akidhani Nairobi pesa zaokotwa. Lakini hebu jiulizeni, zile shilingi zinazolia katika simu zenu mwezi wa Ramadhani, zatoka wapi? Pilau ile iliyoliwa harusini, sare zile zilizovaliwa usiku mmoja, ikiwa zimenunuliwa kwa riba ya mtoto wenu, nani aliyezila? Wazee wetu wa islahi walipiga kelele miaka mingi juu ya israfu ya harusi na matanga. Zamani israfu ile iliwafanya watu waweke rahani mashamba na nyumba zao. Leo mashamba yamekwisha, na kinachowekwa rahani ni heshima ya kijana aliye mbali.

Basi nasaha yetu ni hii.

Kwanza, mzazi akimwomba mwanawe, amwulize kwanza: “Unazo?” Na akisema hana, amwombee dua ile ile ambayo angemwombea kama angezileta. Neno hili dogo litafunga milango mingi ya riba.

Pili, kijana afute katika simu yake kila programu ya kukopesha, na yule aliyekwisha kuingia atubie, asikope kwa huyu kumlipa yule, na aifunue hali yake kwa watu wawili au watatu waaminifu kabla haijafunuliwa na adui.

Tatu, kila msikiti na kila darsa iwe na sanduku la karadha njema, la kukopesha bila ya ziada. Sisi huku tumeanza kwa michango ya shilingi 50 kwa wiki. Kijana yule tulimlipia deni kutoka humo, naye hurudisha shilingi 200 kila wiki. Amerudi katika safu. Na kila mkopo huandikwa, na mashahidi hutia sahihi, kwani aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur’ani, ya 282 ya Al-Baqara, imekuja kwa ajili ya kuandika deni. Kuandika si kukosa kuaminiana. Ni kuuhifadhi udugu.

Nne, mwenye mtaji mkubwa wa biashara asiseme kuwa hana pa kwenda ila kwenye riba. Tangu mwaka 2008 nchi hii ina benki zinazofanya kazi kwa misingi ya sheria ya Kiislamu, kama Gulf African Bank. Naende akaulize, asome mkataba wake, na asione haya kumwonyesha mwanachuoni.

Ndugu zetu, Mtume (S.A.W.) aliletewa maiti mwenye deni akawaambia masahaba wamswalie wao, mpaka Abu Qatada aliposimama akasema deni lile ni juu yake, ndipo naye akamswalia. Katika umma huu wako wapi kina Abu Qatada? Hatuhitaji mtu mmoja wa kulipa shilingi laki. Twahitaji watu mia, kila mmoja na shilingi zake 50, na midomo yenye kusitiri.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusiihitaji haramu yako, uwalipie deni wenye kudaiwa, uwarudishe salama watoto wetu walio mbali, na utusitiri duniani na akhera. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.