Mpeni Zakaria Kibao

Neno: Luka 1:5–25, 39–66

Noeli inapokaribia, Zakaria tunamsoma mbiombio, maana macho yetu yameshatangulia kwa mtoto Yohana na kwa yule Mkuu anayekuja nyuma yake. Kwa haraka hiyo tunapita jambo ambalo Luka amelieleza kwa utulivu. Katika mji mmoja wa milima ya Uyahudi, kwa miezi isiyopungua tisa, kulikuwa na nyumba ya mume na mke ambamo mume hakuweza kutamka neno. Alitoka nyumbani mzima, akaenda zamu yake hekaluni, akarudi bubu. Aliyebaki kuishi naye hivyo, mchana na usiku, ni mkewe Elisabeti.

Leo tuisome habari hii pamoja na ndugu zetu wanaouguza waume na wake zao baada ya kiharusi.

Hapa Mpanda tunajua jinsi jambo hilo linavyoanza. Mtu ameamka vizuri Kawajense au Nsemulwa, amekunywa chai yake, amepanda baiskeli kwenda shamba. Saa nne simu inaita. Kichwa kimempiga ghafla kwa namna ambayo hajawahi kuumwa tangu azaliwe, ametapika, ameanguka. Wakati mwingine ni mshipa wa damu ndani ya ubongo ambao ukuta wake ulikuwa umelegea na kutuna, mwenyewe asijue, hadi siku ulipopasuka na damu ikavuja. Mara nyingi zaidi ni mshipa ulioziba, au presha iliyopanda miaka mingi bila kupimwa. Wa kupasuliwa kichwa safari yake ni ndefu. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ambako upasuaji wa ubongo hufanyika, iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Ng'ombe wanauzwa, magunia ya mpunga yanatoka ghalani, jumuiya inachanga. Mgonjwa akirudi hai tunaimba, na tunaimba kwa haki kabisa.

Kisha wageni wanaondoka, na ndani wanabaki wawili. Mkono wa kulia hauna nguvu, mguu unaburuzwa, na maneno hayatoki. Kwa watu wengi kauli imekaa upande wa kushoto wa ubongo, na upande huo ukiumia, mwili hupooza kulia. Akili inaweza kuwa bado inafuatilia mengi, ila mlango wa kutokea ndio uliofungwa. Hapo ndipo Luka 1 inapotufaa.

Tazama kwanza Zakaria alipotoka patakatifu. Watu walikuwa nje wakimngoja, wakishangaa kwa nini amekawia. Kuhani akitoka, watu hutazamia baraka kinywani mwake. Yeye akawapungia mikono tu. Luka anaongeza jambo dogo ambalo ni rahisi kuliruka: Zakaria alikaa hekaluni mpaka siku za huduma yake zilipotimia, ndipo akaenda nyumbani. Hatusomi kwamba alivuliwa ukuhani wala kwamba alifukuzwa kwa sababu hana sauti. Alikuwa bubu, na alikuwa kuhani.

Mzee wa kanisa aliyepooza ni mzee wa kanisa. Mama aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi, ambaye leo anatafuta jina la mwanawe na halipati, ni mama wa nyumba ile. Baba wa familia amebaki baba wa familia. Ugonjwa umechukua nguvu na maneno, lakini haukupewa mamlaka ya kuchukua nafasi ya mtu mbele za Mungu.

Hapa msomaji makini atauliza: je, Zakaria hakuadhibiwa kwa kutomwamini malaika aliyemwahidi mtoto? Ndiyo, malaika alimwambia sababu, akamwambia na mwisho wake. Lakini sisi tunapokaa kitandani kwa jirani hatukutumwa na malaika yeyote kumweleza sababu. Wapo wanaoingia na jibu tayari: amerogwa, amekosea wazee, ametupiwa kitu, ana dhambi hajaitubu. Wanafunzi walipomwuliza Yesu juu ya kipofu, katika Yohana 9, kwamba ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, Bwana alilikataa swali lenyewe. Tena angalia Elisabeti. Mumewe alikuwa na kosa linalojulikana, na bado Luka hakuandika neno hata moja la mke kumsimanga. Basi sisi ambao hatuna habari za kosa lolote tunapata wapi ujasiri?

Tena asitokee mtu kumwambia mgonjwa aache vidonge vya presha ili aonyeshe imani. Mkoa wetu una ushuhuda wake kuhusu jambo hili. Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, aliishi Adrien Atiman, aliyetekwa utumwani Afrika Magharibi akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomea udaktari Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akawa katekista na daktari pale pale hadi alipofariki mwaka 1956. Mtu yule yule alifundisha sala na kufunga vidonda. Katika nchi hii dawa na Injili zimeingia kwa mkono mmoja, tusizigombanishe leo.

Sasa tuingie nyumbani kwa Elisabeti. Alikuwa mwanamke wa umri mkubwa, mjamzito kwa mara ya kwanza, na mumewe hasemi. Luka anasema alijificha miezi mitano. Mwezi wa sita Mariamu akafika kutoka Galilaya, akakaa naye kama miezi mitatu. Kwa kawaida tunahubiri salamu yao na mtoto aliyeruka tumboni, na hayo ni makuu. Lakini miezi mitatu haiishi kwa salamu. Kuna maji ya kuchota, unga wa kusaga, na mazungumzo ya jioni katika nyumba ambayo sauti moja imenyamaza. Mungu alimletea Elisabeti mtu wa kukaa naye.

Anayeuguza naye anahitaji mtu. Mgonjwa wa namna hii anageuzwa kitandani kila baada ya saa mbili hivi, hata usiku, asipate vidonda. Analishwa akiwa amekaa wima, kijiko kidogo kidogo, kwa kuwa chakula hujikusanya kwenye shavu lililolegea na kinaweza kumpalia. Migebuka inachambuliwa miiba yote kabla haijafika mdomoni. Mkono uliopooza hauvutwi wakati wa kumnyanyua, bega litaumia. Mara analia bila sababu inayoonekana, mara anakasirika, mara anachoka kwa kuvaa shati tu. Mke au mume anayefanya hayo miezi na miezi hupungua mwili, na huona aibu kusema amechoka, asije akaonekana hana upendo. Kuchoka si kukosa upendo. Jumuiya ikija na kusali dakika kumi ikaondoka, imefanya vema. Ikimwacha dada mmoja abaki hadi jioni ili mwenye nyumba alale, imefanya kama Mariamu.

Na kina baba, mlisikie hili kwa masikio mawili. Mume akianguka, hakuna anayeshangaa mke kumwogesha. Mke akianguka, haupiti muda ndugu wanaanza kuuliza nani atampikia mume, na wengine wanashauri arudishwe kwao akatunzwe na mama yake. Ahadi ya ndoa haikuwekewa sharti la mguu wala la ulimi. Mwanamume anayemfua mkewe nguo na kumchana nywele kwa mkono usiozoea anatimiza kiapo alichokula madhabahuni, hata kama wenzake kijiweni wanamcheka.

Tunafika siku ya nane baada ya mtoto kuzaliwa. Ndugu na majirani wamejaa, mtoto anatahiriwa, na tayari wamekwisha kumpa jina la baba yake. Kikao kimeamua. Elisabeti anakataa: mtoto ataitwa Yohana. Alilijuaje jina hilo, na malaika alimwambia Zakaria peke yake? Luka hakueleza njia, lakini ndivyo ilivyo kwamba mke anasema lile lile aliloambiwa mume. Huenda aliyekaa na bubu miezi yote hiyo alikuwa amejifunza kumsikia. Ndugu wakambishia, wakasema hakuna mtu wa ukoo mwenye jina hilo. Kisha wakamgeukia baba kwa ishara, ingawa aliyefungwa kinywa Luka hajasema alifungwa masikio.

Kikao hicho tunakijua. Shemeji amekuja kutoka Inyonga na dumu la asali, amekaa kwenye kiti miguuni pa kitanda. Anamwuliza mke: "Shemeji, anakula? Analala? Hivi kaka anatusikia kweli?" Mgonjwa anamtazama usoni. Wengine wanapaza sauti kama wanaita mtu ng'ambo ya mto Katuma. Wengine wanaongea naye kitoto. Mara mjadala wa shamba la mpunga unaanza: likodishwe, liuzwe, apewe nani. Mwenye shamba yupo hapo hapo, na hakuna aliyemwuliza. Mgonjwa akigeukia ukutani, wanasema amechoka, tumwache apumzike.

Zakaria akaomba kibao cha kuandikia. Hapa kuna kazi ya mwenzi, ngumu kuliko kulisha na kuogesha. Elisabeti alisimamia neno la mumewe mbele ya ukoo, tena peke yake, lakini hakulimaliza yeye. Neno la mwisho lilitoka mkononi mwa Zakaria. Yapo majaribu mawili kwa anayeuguza. La kwanza ni kukubaliana na kikao, yaishe. La pili limejificha ndani ya upendo: kumsemea kila kitu, kujibu kabla hajaulizwa, kumalizia kila sentensi yake, mpaka siku moja anaacha kujaribu. Mwenzi anatakiwa asimame katikati ya hayo mawili, awaambie ndugu kwa heshima, "Subirini, tumwulize mwenyewe," kisha angoje.

Kungoja huko kuna ufundi wake. Swali liwe moja, linalojibika kwa kutikisa kichwa. Uji au ugali, vionyeshwe vyote viwili achague. Daftari la mtoto wa shule na kalamu mkono wa kushoto, picha za familia kwenye simu, kidole kinachoelekeza. Redio izimwe anapojaribu kusema. Akikosea neno, akaita chai "kitanda", usimcheke na usijifanye umeelewa wakati hukuelewa. Wataalamu wa kumrudishia mtu kauli ni wachache nchini, kwa hiyo sehemu kubwa ya darasa hilo ni hapo hapo sebuleni, na mwalimu ni wewe.

Wimbo nao umesaidia wengi. Wapo wasioweza kusema kwamba wanaomba maji, lakini pambio likianzishwa wanaimba hadi mwisho, na Sala ya Bwana wanaisali mpaka amina. Ndugu asiyejua husema, "Kumbe anaweza, anajifanya." Hajifanyi. Maneno yaliyokaririwa kwa miaka mingi na yale yaliyoambatana na sauti ya wimbo hupita njia nyingine katika ubongo, na mara nyingi njia hiyo husalimika. Basi muimbe naye. Kwake hiyo ndiyo ibada anayoweza kutoa kwa sauti yake mwenyewe.

Mwisho, angalia mpangilio wa Luka, maana ndani yake kuna Injili. Zakaria aliandika jina la mtoto. Watu wote wakastaajabu. Ndipo kinywa chake kikafunguka. Kibao kilitangulia ulimi. Utii wake ulipokelewa akiwa bado bubu, na jina la Yohana lilithibitika kabla baba yake hajatamka lolote. Ingekuwa Luka ameandika kwamba alipona kwanza ndipo akatii, tungesema Mungu anawasubiri wagonjwa wapone ndipo awahesabu.

Nyumba nyingi za Katavi hazitapata siku ya nane kama ile. Kauli hurudi neno kwa neno, kwa wengine hurudi nusu, kwa wengine hairudi. Tunaendelea kumwomba Mungu aponye, na hatuoni haya kuomba. Lakini tusiahirishe heshima ya mtu hadi siku atakapopona. Neno aliloandika kwa mkono wa kushoto, kwa herufi zilizopinda, ni neno lake, na mbele za Mungu limetimia.

Wiki hii, ukienda kumwona mgonjwa aliyepooza, vuta kiti ukae usawa wa macho yake. Msalimie yeye kwanza, ndipo mwenzi wake. Mwulize jambo moja kuhusu mambo yake mwenyewe, kisha unyamaze mpaka ajibu kwa namna awezavyo. Na kabla hujaaga, mwulize anayemwuguza ni siku gani uje ukae zamu.

Sala

Ee Mungu wa Zakaria na Elisabeti, unasikia maneno yasiyotamkika. Uwatazame ndugu zetu waliopigwa na kiharusi hapa Mpanda, Karema, Inyonga, Katumba, Mishamo na vijiji vyote vya mkoa wetu. Ponya miili yao kwa kadiri ya rehema zako, na ubariki mikono ya waganga na wauguzi. Wape wenzi wao usingizi, chakula, na watu wa kukaa nao. Utuondolee sisi haraka ya kusema badala ya wengine. Na pale kikao kinapoamua bila kumwuliza mwenyewe, utupe ujasiri wa kuomba kibao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.