Makaburi Yamebaki, Watoto Wako Wapi?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu zetu Waislamu, Mtume (S.A.W.) aliwakataza watu kuzuru makaburi, kisha akawaruhusu, kwa kuwa yanakumbusha Akhera. Hakuwaruhusu ili wawaombe maiti haja zao. Basi leo twataka tuzuru pamoja nanyi, kwa fikira, makaburi yaliyo mbali nasi.

Huko Marekani, katika jimbo la North Dakota, karibu na kijiji cha Ross, pana makaburi ya Waislamu, na langoni pana alama ya mwezi na nyota. Waliozikwa hapo ni Waarabu wa Sham, walioanza kuhamia huko yapata mwaka 1900, nchi yao ingali chini ya Waturuki. Sheria ya 1862 ilimpa mtu ekari 160 akikaa na kuilima miaka mitano. Wakalima, wakastahimili baridi kali, wakaswali majumbani mwao. Mwaka 1929 wakajenga msikiti mdogo, nusu yake imechimbiwa ardhini.

Lakini ukame na dhiki ya miaka ya 1930 iliwatawanya wengi. Wazee wakafa, watoto wengi wakaoa na kuolewa katika dini nyingine, na Kiarabu kikawatoka. Msikiti ukakosa wa kuswali, ukavunjwa katika miaka ya 1970. Ule mdogo uliopo sasa ulijengwa mwaka 2005, kuwa ukumbusho wa wazee. Makaburi ndiyo yaliyodumu.

Hatuwalaumu. Walikuwa wachache, nao ni wageni. Lakini sisi, wenye misikiti na vyuo kila mtaa, tuna udhuru gani? Twamwona mtu atoa mali kumjengea babake kaburi la saruji, na kulisha watu siku ya arubaini, ilhali mwanawe hajui kuisoma Alhamdu sawasawa. Na pale Gede pana kaburi la mwaka 802 wa Hijra (1399), na msikiti mkuu jirani yake ni magofu yasiyo na adhana.

Mtume ametufunza kuwa mtu akifa, amali yake hukatika ila kwa matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema amwombeaye. Saruji haimo. Basi, ewe ndugu, mfunze mwanao leo, ili kesho apatikane wa kukuombea.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na atuongoze sisi na vizazi vyetu. Amin.